Kitenzijina Hakipotezi Mkia: Vitenzi Virai vya Kiingereza Baada ya Vitenzi vya Wakati Uliopita, kwa Kurejelea Wanafunzi wa Sekondari wa Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna vitenzi virai vya Kiingereza vinavyotumika baada ya kitenzi chenye njeo ya wakati uliopita na baada ya kitenzijina, na inachunguza makosa yanayojitokeza mahali hapo katika maandishi ya wanafunzi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku. Hoja yake ni kwamba makosa yanayoonekana katika sentensi moja hayana asili moja. Lipo ambalo Kiswahili hulisababisha, lipo ambalo Kiswahili hulisababisha kwa sehemu, na lipo ambalo Kiswahili kingeweza kulizuia endapo mwalimu angekitumia. Mtafiti anayeyaweka yote katika fungu moja la "athari ya lugha mama" humkosea mwanafunzi, na huikosea pia lugha.

1.0 Utangulizi

Tuanze na sentensi moja:

Mfano wa 1: "My uncle decided to gave up to smoke and look his health."

Sentensi hii, kama mifano yote ya makala hii, imetungwa kwa ajili ya maelezo. Haikunukuliwa kutoka daftari la mwanafunzi yeyote. Hata hivyo, mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha pili hataiona ngeni. Mwandishi wake alikusudia kusema kwamba mjomba wake aliamua kuacha kuvuta sigara na kuitunza afya yake. Sentensi sanifu ingekuwa "My uncle decided to give up smoking and look after his health."

Makosa ni matatu. Kwanza, njeo ya wakati uliopita imetiwa mara mbili: katika "decided", ambako inastahili, na katika "gave", ambako haistahili kwa kuwa kitenzi hicho kimetanguliwa na "to". Pili, baada ya "give up" kimewekwa kitenzijina chenye "to" badala ya umbo lenye "-ing". Tatu, "look" imebaki peke yake bila "after", na maana ya kutunza imepotea.

Kwa kawaida makosa haya husahihishwa kwa wino mmoja na kuelezwa kwa sababu moja, yaani kwamba mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili. Maelezo hayo ni mepesi na hayana madhara yakisemwa katika mazungumzo ya ofisi ya walimu. Yakiingia katika tasnifu yana uzito mwingine, kwa sababu juu yake hujengwa mapendekezo, na mapendekezo huwa sera ya shule. Ipo desturi katika shule nyingi za sekondari nchini ya kumwadhibu mwanafunzi anayesikika akizungumza Kiswahili katika eneo la shule. Iwapo kosa halikutokana na Kiswahili, adhabu hiyo haiwezi kuwa dawa yake.

2.0 Kwa nini Kibaha na Kisarawe

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani zinapakana na Dar es Salaam, Kibaha ikiwa upande wa magharibi katika Barabara ya Morogoro na Kisarawe upande wa kusini-magharibi, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Zipo katika ukanda ambao Kiswahili si lugha ya shule na soko tu. Kizaramo, lugha ya wenyeji wa asili wa sehemu hii, kimekuwa kikipungua kwa muda mrefu mbele ya Kiswahili, na kwa watoto wengi wa Mlandizi, Kongowe, Masaki au Maneromango, Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza na mara nyingi ndiyo lugha pekee kabla ya Kiingereza cha darasani. Mtu anayetaka kuona athari ya Kiswahili katika Kiingereza bila kuchanganyika sana na athari ya lugha nyingine, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapa.

Zipo pia shule za aina mbili zinazokaa karibu karibu. Aina ya kwanza ni shule za kale za bweni zinazopokea wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali. Kibaha imetokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, ambapo Shirika la Elimu Kibaha lilizaliwa. Minaki, iliyoko Kisarawe, ina mizizi katika elimu ya wamisionari wa Kianglikana walioihamishia huko shule yao kutoka Zanzibar katika miaka ya 1920. Aina ya pili ni shule za kata zilizoenea kwa kasi kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, ambazo huchukua zaidi watoto wa vijiji na mitaa inayozizunguka. Tutarejea katika tofauti hii mwishoni, kwa kuwa inavutia kuliko inavyosaidia.

3.0 Istilahi

Kitenzi kirai, katika makala hii, ni kitenzi cha Kiingereza kinachoundwa na kitenzi cha kawaida pamoja na neno dogo linalokifuata, na kwa pamoja kutoa maana moja: "give up", "look after", "turn back", "put off", "break down". Neno hilo dogo tutaliita kifuasi. Vifuasi vingine vina tabia ya kielezi, kama "up" na "back", na vingine vina tabia ya kihusishi, kama "after" katika "look after". Tofauti hiyo itakuwa na umuhimu katika sehemu ya 7.0.

Kanuni ya njeo ni fupi. Kitenzi kirai kikiwa ndicho kitenzi kikuu cha wakati uliopita, njeo hukaa katika kitenzi na kifuasi hakibadiliki: "The bus broke down at Mlandizi." Kikija baada ya kitenzi kingine cha wakati uliopita kwa umbo la kitenzijina, njeo hubaki katika kitenzi cha kwanza, kitenzi kirai hurudi katika umbo lake la msingi, na kifuasi hubaki kama kilivyo: "The driver refused to turn back." Kwa maneno mengine, kitenzijina huvua njeo lakini hakivui kifuasi.

4.0 Njeo iliyotajwa mara mbili

Umbo la "decided to gave up" ndilo linalomuudhi mwalimu kuliko yote, na ndilo linalolaumiwa zaidi kwa Kiswahili. Tuitazame lugha yenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili husema "aliamua kuacha", "walianza kulima", "dereva alikataa kurudi". Kiambishi "-li-" kimo katika kitenzi cha kwanza tu. Hakuna mtoto wa Kisarawe anayesema "aliamua aliacha" kwa kukusudia maana hii, na akisikia mwenzake akisema hivyo atacheka. Hata pale Kiswahili kinapotumia dhamira tegemezi badala ya kitenzijina, kama katika "alitaka aende", kitenzi cha pili hakina njeo. Katika jambo hili Kiswahili na Kiingereza vina kanuni ileile: wakati hutajwa mara moja, mwanzoni.

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kina vitenzi sambamba kama "alikuwa anasoma", ambapo vitenzi vyote viwili vina viambishi vya wakati. Ni kweli, lakini katika muundo huo kitenzi cha pili huonyesha hali ya tendo, si kulirudia lile "-li-" la kwanza, na muundo wenyewe hauwi na vitenzi kama amua, taka, anza au kataa. Pingamizi la pili ni la werevu zaidi. Vitenzi vya silabi moja kama ja, la, nywa na fa hubakiza "ku-" baada ya "-li-": alikuja, alikula, alikunywa, alikufa. Je, mtoto aliyezoea kuiona alama ya kitenzijina na alama ya wakati uliopita zikikaa katika neno moja hawezi kuona "to came" kuwa jambo la kawaida? Hoja hii ina uzuri wake, na bahati njema inapimika. Kama ndiyo sababu, basi kosa lingekuwa kubwa zaidi katika "came", "ate", "drank" na "died" kuliko katika "gave", "took" na "broke". Mtafiti anayeisimamia hana budi kuuonyesha mwachano huo. Na hata hivyo, "ku-" ya alikuja imekwisha kupoteza kazi ya kitenzijina. Ipo ili kubeba mkazo wa neno.

Asili ya kosa hili itafutwe kwingine. Mwanafunzi hukutana na wakati uliopita wa Kiingereza kwa njia ya jedwali la safu tatu analolikariri kwa sauti, "give, gave, given", na kwa zoezi linaloanza na "yesterday", ambalo humtaka abadilishe kila kitenzi anachokiona. Amefundishwa kwamba jana hubadili vitenzi. Naye anavibadili vyote. Ni utii uliopita kiasi. Ndiyo maana huyohuyo huandika pia "did not gave up" na "did he gave up?", ingawa Kiswahili hakimpi kielelezo cha kutia alama mbili hata hapo: "hakuacha" ina alama moja tu ya wakati. Zaidi ya hayo, watoto waliozaliwa katika Kiingereza, wasiojua neno hata moja la Kiswahili, hupita katika kipindi cha kusema "didn't broke". Corder, katika makala yake ya mwaka 1967, alikwisha kutuasa tuyaone makosa kama ushahidi wa kanuni anayoijenga mwanafunzi mwenyewe. Hapa kanuni hiyo inaonekana wazi: "Ikiwa ni jana, kila kitenzi kiwe cha jana."

Kosa hili huongezeka nguvu katika vitenzi vinavyodai kitenzijina kisicho na "to". "The headmaster made us stand up" huandikwa "made us to stood up". Kiswahili husema jambo hilo lote kwa neno moja, "alitusimamisha", na hakina "to" wala njeo ya pili cha kuazimisha.

5.0 Mkia uliokatwa

Upungufu wa kifuasi, kama katika "look his health", ni suala jingine, na ndiko kwenye mambo mengi.

Tukiangalie kitenzi cha Kiswahili kama kitu chenye kichwa na mkia. Kichwani, kushoto mwa mzizi, huwekwa nani na lini: a-li-. Mkiani, kulia mwa mzizi, huwekwa viambishi vinavyogeuza aina ya tendo. Funga hupata "-u-" na kuwa fungua. Chomeka na chomoa, pakia na pakua, vaa na vua vina uhusiano wa namna hiyohiyo. Kimbia huzaa kimbilia. Enda huzaa endelea. Tupa huzaa tupilia, ambayo mara nyingi hukamilishwa na neno la nje: tupilia mbali. Sasa, kitenzi hiki kinapogeuzwa kuwa kitenzijina, kichwa hubadilika na mkia hubaki. "Alifungua" huwa "kufungua". Mtu aliyeamua kufungua mlango hawezi kuelezwa kwamba "aliamua kufunga mlango" eti kwa kuwa kitenzijina hakihitaji viambishi.

Hilo ndilo linalotendeka katika Kiingereza, isipokuwa mkia wa Kiingereza umeachana na mwili. "Went on" huwa "to go on" kama "aliendelea" inavyokuwa "kuendelea". Ulinganifu wa enda na endelea kwa upande mmoja, na "go" na "go on" kwa upande wa pili, ni wa karibu kiasi kwamba inashangaza kuona mara chache ukitajwa darasani.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakina vitenzi vya maneno mawili. Kata tamaa, piga deki, piga pasi, vunja moyo, weka wazi na kaa chini vyote vina maana isiyopatikana kwa kitenzi peke yake. Mtoto wa Visiga anayesema "dada alianza kupiga deki" ameweka njeo katika alianza, ameacha kitenzijina bila njeo, na hakulisahau neno deki. Anayo tayari kanuni yote inayohitajika kwa ajili ya "refused to turn back" na "decided to give up". Na "give up" yenyewe, katika mojawapo ya maana zake, ndiyo kata tamaa.

Kwa nini basi mkia hukatwa? Sababu ya kwanza ni ya msamiati. Mwanafunzi hujifunza kwa jozi za maneno: tunza, tafuta, acha, ahirisha. Haya kwake ni neno moja moja, na huyatafutia Kiingereza cha neno moja moja. Katika tunza hakuna mkia unaoonekana. Maana yote imo katika mzizi, hivyo "after" huonekana kama pambo. Hapa lugha ya kwanza ina mkono wake, japo mkono huo umo katika namna ya kuhesabu maneno zaidi kuliko katika sarufi. Sababu ya pili ni ya sauti. Katika usemi wa kawaida "picked up" husikika kama "piktap". Alama ya wakati uliopita hushikamana na kifuasi, na sikio lililolelewa katika silabi wazi za Kiswahili halijui neno la kwanza limeishia wapi. Anayeandika alichosikia huweza kupoteza "-ed" au "up".

Sababu ya tatu haionekani kama kosa kabisa, nayo ni ukwepaji. Dagut na Laufer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, walionyesha kwamba wanafunzi wenye Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi virai, huelekea kuchagua kitenzi cha neno moja pale wenye Kiingereza wangechagua kirai. Hulstijn na Marchena (1989) waliwachunguza Waholanzi, ambao lugha yao inavyo vitenzi vya namna hiyo, wakaona kwamba nao wana mwelekeo wa kuchagua vitenzi vya neno moja vyenye maana pana, na kwamba baadhi ya vitenzi virai waliviepuka kwa kuwa vilifanana mno na vya kwao. Kwa mwanafunzi wa Tanzania ukwepaji una msukumo wa ziada: Kiingereza chake ni cha vitabu vya sayansi, jiografia na uraia. Huenda akalijua "postpone" kabla ya "put off" na "absorb" kabla ya "take in". Insha yake itakuwa safi, na mtafiti anayehesabu makosa atamwandika kuwa hana tatizo. Uchanganuzi wa makosa peke yake hauwezi kumwona mwanafunzi huyu.

Kuhusu cha kufundisha kwanza, takwimu zipo. Gardner na Davies (2007), wakichunguza kongoo kuu ya Kiingereza cha Uingereza, walionyesha kwamba vitenzi 20 vikiunganishwa na vifuasi 8 huchukua zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi virai. Mwalimu hana sababu ya kuwakaririsha wanafunzi orodha ya mamia.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Mkia wa Kiswahili na kifuasi cha Kiingereza hufanana kikazi, si kimaana. Kauli ya kutendua husaidia kueleza "take off", yaani vua, lakini "switch off" ni zima, ambayo haina "-u-" ya kutendua. Kimbilia si "run after". Tendo la "run after" Kiswahili hulieleza kwa kauli ya kutendesha, kimbiza. Mwalimu atakayetunga jedwali la kuoanisha kila kifuasi na kauli moja atakuwa amewapa wanafunzi chanzo kipya cha makosa.

6.0 "Ku-" moja kwa maumbo mawili

Katika "gave up to smoke" lawama kwa Kiswahili ni ya haki. Kiambishi "ku-" hufanya kazi mbili. Huunda kitenzijina kinachofuata kitenzi kingine, "alitaka kuvuta", na huunda nomino yenye upatanisho wake kamili, "kuvuta sigara kumemdhuru". Kiingereza hugawa kazi hizo kati ya "to" na "-ing", na vitenzi virai vingi vinapofuatwa na tendo hudai "-ing": "give up smoking", "put off going", "carry on working", "end up walking". Mwanafunzi anayetoka kwenye "aliacha kuvuta" hana ishara yoyote ya kumwonya.

Penye "go on" pana mtego mwingine, kwa kuwa maumbo yote mawili ni sahihi na maana hutofautiana. "She went on explaining" ni aliendelea kueleza jambo lilelile. "She went on to explain" ni kwamba baada ya jambo la kwanza akaingia la pili na kulieleza. "Set out" na "turn out" huchukua "to". Katika "look forward to", ile "to" si ya kitenzijina bali ni kihusishi, na ndiyo maana husemwa "looked forward to meeting", umbo ambalo mwanafunzi mwenye bidii hulisahihisha kuwa "to meet" kwa kuamini ameokoa sarufi.

"Ku-" ina matokeo mengine ambayo wachambuzi huyapita haraka. Kiswahili huruhusu kitenzi cha pili katika mfuatano kiache njeo na kichukue "ku-", kisha kiazime wakati wa kitenzi cha kwanza: "waliamka mapema na kwenda shambani", "walikula na kunywa". Msimulizi anaweza pia kutumia "-ka-", wakaenda, ambayo nayo huegemea wakati uliokwisha kutajwa. Kutokana na hili hupatikana mfano ufuatao:

Mfano wa 2: "They got up early and go to the farm."

Kwa kanuni ya Kiswahili sentensi hii haina upungufu, kwani wakati umetajwa katika "got" na hauna haja ya kurudiwa. Kiingereza hudai "and went". Lakini tukiweka kitenzijina, mambo hugeuka: "They decided to get up early and go to the farm" ni sahihi, kwa sababu "go" sasa inatawaliwa na "to" ileile ya "get up". Maneno yaleyale, "and go to the farm", ni kosa baada ya "got up" na ni sahihi baada ya "to get up". Mwanafunzi aliyepewa alama ya mkasi katika sentensi ya kwanza na alama ya vema katika ya pili, bila maelezo, ana haki ya kudhani kwamba mwalimu anasahihisha kwa kubahatisha.

Mfano wa 1 na mfano wa 2 ni kinyume cha kila kimoja. Katika "decided to gave" njeo imezidi. Katika "got up and go" imepungua. Sababu moja haiwezi kuzaa yote mawili. Kiswahili huelekea kutaja njeo mara moja kwa mfuatano mzima, kwa hiyo hueleza vema upungufu, na kwa hoja hiyohiyo hakiwezi kueleza uzidifu.

7.0 Kiwakilishi kinachokaa katikati

Jambo hili ni dogo, lakini hujitokeza kila kitenzi kirai kinapokuwa na shamirisho. Kiingereza hukubali "decided to pick up the pen" na "decided to pick the pen up", ila shamirisho likiwa kiwakilishi hukubali "to pick it up" tu. Wanafunzi huandika "to pick up it". Maelezo rahisi yamo katika lugha yao: nomino hukaa nje ya kitenzi, "kuokota kalamu", na kiwakilishi huingia ndani yake, "kuiokota". Kiingereza nacho, kwa namna yake, hukiingiza kiwakilishi ndani, kati ya mzizi na mkia. Kanuni hii ni ya vifuasi vyenye tabia ya kielezi. Kwa "look after", ambamo "after" ni kihusishi, kiwakilishi hubaki nyuma: "to look after it".

8.0 Kwa mtafiti na mtahini

Ni rahisi kupendekeza kwamba shule za bweni na shule za kata za wilaya hizi zilinganishwe, kwa kuwa za kwanza zina watoto wa lugha mbalimbali na za pili zina watoto wa Kiswahili. Ulinganisho huo una kasoro mbili. Shule kama Kibaha huchagua wanafunzi kwa ufaulu, hivyo tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya uchaguzi badala ya lugha. Tena, mtoto aliyetoka Kanda ya Ziwa au Nyanda za Juu Kusini na lugha nyingine ya Kibantu ana kitenzi chenye umbo la jumla lilelile: kitenzijina chenye kiambishi awali, na mkia wa mnyambuliko. Ushahidi wenye nguvu zaidi ungetoka kwa wenye lugha zisizo za Kibantu, kama Kimaasai, ambacho wasemaji wake wamo pia mkoani Pwani, au Kiiraqw na Kijaluo. Ikiwa nao huandika "decided to gave up" kwa kiwango kilekile, maelezo ya kosa hilo kwa njia ya Kiswahili yanapaswa kuachwa.

Njia ya gharama ndogo ipo ndani ya darasa moja. Mwanafunzi apewe sentensi za Kiingereza zenye mapengo na, siku nyingine, sentensi zilezile kwa Kiswahili zenye mapengo yaleyale. Panapokosewa Kiingereza na Kiswahili kikawa sahihi kwa kanuni ileile, kosa halikuhamishwa kutoka Kiswahili. Panapokosewa Kiingereza kwa kufuata kanuni ya Kiswahili, ambayo ni tofauti, hapo uhamishaji una msingi. Ili kumfikia mkwepaji, baadhi ya mapengo yatoe kitenzi na kudai kifuasi, asipate nafasi ya kukimbilia neno moja.

Katika usahihishaji, mtahini anaweza kutenga safu nne badala ya moja: njeo iliyozidi, njeo iliyopungua, kifuasi kilichokosekana, na "to" iliyochukua nafasi ya "-ing". Mfano wa 1 utaandikwa katika safu ya kwanza, ya tatu na ya nne. Mfano wa 2 katika ya pili. Atakapozijumlisha mwishoni mwa rundo la madaftari, ataziona safu za pili na ya nne, ambazo Kiswahili kinazieleza, zikiwa mbali na ile ya kwanza, ambayo inamrudisha mwalimu kwenye jedwali la safu tatu na zoezi la "yesterday".